Ukimkuta Mheshimiwa Kwenye Foleni ya Supu: Mwongozo Kamili wa Kukutana na Watu Maarufu Dodoma

Aliyehamia Dodoma kutoka Tanga au Mbeya huchukua muda kuzoea jambo moja: sura aliyoiona kwenye taarifa ya habari ya saa 2:00 usiku anaikuta kesho yake asubuhi duka la dawa, imeshika kikapu, inaulizia dawa ya mafua. Dar es Salaam ina mastaa wengi kuliko sisi, lakini Dar ni kubwa na mastaa wake wamejificha nyuma ya mageti. Hapa mji ni mdogo, supu nzuri iko sehemu chache, na wanaotunga sheria za nchi wanapanga nyumba mtaa uleule unaopanga wewe.

Mimi ni kinyozi. Kazi yangu inanipa nafasi ya kuona jinsi watu wanavyobadilika mtu fulani akiingia mlangoni: mwenye maneno mengi anakuwa bubu, mpole anakuwa na kiherehere, na aliyekuwa anamtukana mhusika dakika kumi zilizopita ndiye wa kwanza kumpisha kiti. Mwongozo huu ni kwa wageni wa mji, yaani wanafunzi wa UDOM na St. John's, watumishi waliohamishiwa Mtumba kwenye Mji wa Serikali, na wafanyabiashara waliofuata wateja. Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kumsalimia mtu maarufu si ushamba hata kidogo. Kinachoharibu ni mzinga, yaani kuomba pesa au msaada, unaofuatia salamu.

Hatua ya 1: Jua msimu

Watu maarufu wa Dodoma wana msimu, kama zabibu. Bunge hukaa kwa mikutano: mmoja mwanzoni mwa mwaka, kati ya mwisho wa Januari na Februari, wa bajeti unaoanza Aprili hadi mwisho wa Juni, mwingine kati ya mwisho wa Agosti na Septemba, na wa Novemba. Mrefu kuliko yote ni huo wa bajeti, kwa sababu mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai na lazima hesabu zipitishwe kabla. Miezi hiyo mitatu hoteli zinajaa, kodi za nyumba zinapanda, na wanaokuja kunyoa wanaongea kwa lafudhi za nchi nzima.

Ndani ya wiki kuna siku yake pia. Alhamisi asubuhi ndiyo siku ya maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, kwa hiyo wengi wanakuwepo mjini. Ijumaa mchana wanaanza kuondoka kwenda majimboni au Dar. Jumapili jioni wanarudi.

Zamani Bunge likiahirishwa mji ulikuwa unalala. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanyika mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi wizara zilibaki pwani. Mambo yaligeuka Julai 2016 Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahama. Waziri Mkuu akatangulia mwaka huohuo, Dodoma ikawa jiji Aprili 2018, na Rais mwenyewe akahamia Oktoba 2019. Ndiyo maana leo unaweza kumkuta katibu mkuu wa wizara sokoni hata mwezi ambao Bunge limefungwa.

Nje ya Bunge kuna misimu midogo. Mikutano mikuu ya chama tawala inayofanyika kwenye ukumbi wa Jakaya Kikwete huleta viongozi wa mikoa yote pamoja na wasanii wanaokuja kutumbuiza. Nane Nane kule Nzuguni huleta wengine, hasa siku ya kilele. Na Simba au Yanga wakija kucheza na Dodoma Jiji pale uwanja wa Jamhuri, kuanzia siku moja kabla ya mechi utawaona vijana warefu wenye tracksuit wanazunguka karibu na hoteli zao. Wapenzi wa mpira wa Singida nao wana bahati yao kwenye mechi za uwanja wao wa Liti: timu zinazokwenda kwa barabara hupita Dodoma na Manyoni, na basi la timu likisimama kununua maji, mji mzima unajua.

Hatua ya 2: Jua mahali, bila kuvizia

Kuna tofauti kubwa kati ya kukutana na kuvizia. Kukaa nje ya geti la mtu Area D kuanzia alfajiri ni kuvizia, hata kama umebeba ua. Sehemu ninazozitaja hapa ni zile unazokwenda kwa shughuli zako, na huko bahati inaweza kukukuta.

Stesheni ya treni ya SGR ndiyo namba moja siku hizi. Safari za Dar–Dodoma zilianza Julai 2024, na watu waliozoea kupita kwa ndege au kwa Land Cruiser lenye vioo vyeusi sasa wanakaa behewa moja na wewe. Ndani ya treni mko pamoja kwa saa tatu na zaidi, jambo ambalo ni neema na mtihani kwa wakati mmoja, nitarudi hapo. Uwanja wa ndege wa mjini nao ni mdogo, na sehemu ya kusubiri mizigo haibagui cheo.

Kwa chakula, kuku wa pale Chako ni Chako wameshawakutanisha watu wengi kuliko ukumbi wowote. Jumamosi kuna mnada wa Msalato, ambako nyama inachomwa tangu asubuhi na mheshimiwa anakaa kwenye benchi la mbao kama kila mtu, kisu mkononi. Ibada nazo: Ijumaa msikiti wa Gaddafi, Jumapili makanisa makuu ya mjini. Kisha kuna wanaokimbia asubuhi. Ukitoka saa 11:30 alfajiri kwenye barabara za Kisasa au Area C utapishana na vitambi vinavyopambana na ushauri wa daktari, na baadhi ya vitambi hivyo unavifahamu kwenye televisheni.

Hatua ya 3: Hakikisha ni yeye

Televisheni inanenepesha na kurefusha. Mtu uliyemzoea kwenye suti, na jina lake limeandikwa chini ya kidevu, ukimkuta na fulana na kandambili unaweza kumpita. Na kinyume chake: nina mteja mmoja, mwalimu mstaafu, anafanana na kiongozi mmoja mpaka wapita njia wanampigia saluti.

Usiinue simu kulinganisha sura yake na picha za mtandaoni huku umemwelekezea kamera. Anaona. Sema hivi, kwa sauti ya kawaida: "Samahani, nakufananisha." Ukishasema hivyo, umempa njia mbili. Anayetaka kujulikana atacheka na kutaja jina. Anayetaka kupumzika atasema, "Tunafanana wengi," na hapo unaachana naye hata kama una hakika asilimia mia. Ameshakujibu.

Namba za gari zinasaidia kidogo. STK ni ya serikali kuu na SM ni ya serikali za mitaa, lakini Dodoma zimejaa hizo na nyingi zimebeba maofisa wa kawaida wanaowahi kikao. Wabunge wengi wanaendesha magari yao binafsi yenye namba za kawaida. Usimsalimie mtu kwa sababu ya gari. Utaishia kumwamkia dereva, ingawa dereva naye anastahili shikamoo yake.

Hatua ya 4: Chagua jina la kumwitia

Kwa kiongozi wa siasa, "mheshimiwa" halikosei. Kwa mzee aliyestaafu uongozi, "mzee" lina joto zaidi, na wastaafu wengi nawaona wanalipenda kuliko cheo walichokiacha. Askofu ni "Baba Askofu," sheikh ni "Sheikh." Mwanamke kiongozi usimwite "dada" kwa sababu tu anaonekana kijana, na usimwite "mama" kwa sababu tu ni kiongozi, anza na "mheshimiwa," akikupa jina jingine lichukue.

Ugumu unakuja kwa wenye majina mawili. Siasa zetu zimewaingiza bungeni watu tuliowajua kwenye redio kwanza. Joseph Mbilinyi tulimjua kama Sugu kabla hajawa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010. Joseph Haule, yule Profesa Jay, aliingia 2015 kwa jimbo la Mikumi. Hamis Mwinjuma, ambaye mtaani ni MwanaFA, alichaguliwa Muheza mwaka 2020 na mwaka 2023 akawa naibu waziri. Mtu wa namna hii ukimkuta, unaita lipi?

Kanuni yangu inaangalia amevaa nini na yuko na nani. Akiwa na suti, na watu wa ofisi wamemzunguka, ni mheshimiwa; kumpigia kelele za jina la jukwaani mbele ya katibu wake ni kumvua nguo. Akiwa na jinzi, peke yake, anasubiri chipsi, basi "kaka" inatosha, na hata jina la kisanii halitamkera. Kwa wasanii ambao hawana cheo chochote cha serikali, tumia jina la kazi. Ukimwita kwa jina lake la shule ulilolisoma mtandaoni, utamshtua badala ya kumfurahisha.

Hatua ya 5: Soma hali kabla ya kusogea

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo tupunguze mwendo.

Mtu anayekula, mwache amalize. Tonge likiwa mkononi mkono wa kusalimia haupo, na wewe unamlazimisha achague kati ya ugali na adabu. Kama mnakula sehemu moja, subiri anawe. Mtu aliye kwenye simu, mwache. Mtu aliye na watoto wake anaweza kusalimiwa kwa kichwa, kwa mbali, basi. Akiwa na mtu wa jinsia nyingine usiyemjua, hujaona kitu, na jioni usiwe na la kuhadithia.

Hospitali ni mwiko. Iwe General au Benjamin Mkapa, mtu aliyekaa kwenye benchi la kusubiri vipimo ni mgonjwa au ana mgonjwa. Ukilazimika kusema kitu, sema "pole," na uondoe macho. Msibani vilevile: unampa mkono wa pole kama mfiwa mwingine yeyote. Nimewahi kuona simu zinainuliwa makaburini kwa sababu msanii fulani amekuja kuzika ndugu yake, na hadi leo sijui waliopiga picha zile walizipeleka wapi.

Walinzi wana lugha yao. Mlinzi akisogea hatua moja mbele ya anayemlinda, jibu lako limeshatolewa; usianze kumbembeleza. Onyesha mikono, usiingize mkono mfukoni ghafla, na salimia kutoka hapo ulipo.

Misafara ni habari nyingine. Ikulu ya Chamwino na Mji wa Serikali wa Mtumba vyote viko upande wa barabara ya Morogoro, kwa hiyo barabara hiyo ndiyo inayosimamishwa mara nyingi. Askari akikuzuia, zima pikipiki, kaa pembeni, simu ibaki mfukoni. Msafara si mahali pa kukutana na mtu. Na kwenye mageti ya Bunge, Ikulu, kambi za jeshi na popote penye kibao cha kukataza picha, kibao kile kina maana iliyoandikwa pale.

Vipi kuhusu treni, ambako mmekaa viti vinavyotazamana hadi Morogoro? Salimia mwanzoni kama ungemsalimia abiria yeyote, kisha fungua jambo lako: gazeti, simu, usingizi. Akitaka maongezi ataanza yeye, na mara nyingi huanza, kwa sababu safari ni ndefu na yeye pia amechoka kutazama kwenye simu. Lakini ukimwandama kwa maswali kuanzia Ihumwa, mwenzako hana pa kukimbilia zaidi ya chooni.

Hatua ya 6: Salamu yenyewe

Shikamoo kwanza kama amekuzidi umri, cheo baadaye. Usinyooshe mkono kabla yake. Akiutoa, pokea kwa mkono wa kulia na wa kushoto uguse kiwiko, kama tulivyofundishwa nyumbani. Wanawake wengine na viongozi wa dini wengine hawashikani mikono na watu wa jinsia nyingine, kwa hiyo mkono kifuani unatosha. Ukiwa na wazee wa Kigogo na mmoja akatoa "Mbukwa," nawe jibu "Mbukwa"; mgeni mashuhuri anayeiga salamu hiyo jukwaani hushangiliwa kuliko hotuba yake.

Baada ya salamu unayo nafasi ya sentensi moja, na sentensi hiyo iwe ya kweli na mahususi. "Nakukubali sana" amelisikia tangu asubuhi. Jaribu kitu unachokijua wewe:

"Shikamoo mheshimiwa."

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo. Nilisikia swali lako la maji ya Bahi, bibi yangu yuko kule. Ahsante."

"Ooh, karibu sana. Bibi anaendeleaje?"

"Hajambo. Nikutakie kazi njema."

Umeondoka. Aliyekuuliza bibi anaendeleaje atakumbuka Bahi hata akilisahau jina lako.

Kwa msanii au mchezaji wa rika lako:

"Kaka, mambo. Samahani kukukatiza. Wimbo wako ndio tuliingilia nao ukumbini siku ya harusi yangu."

"Daah! Hongera bwana."

"Ahsante. Karibu Dodoma."

Mchezaji usimuulize kwa nini alikosa penalti. Anajua alikosa.

Hatua ya 7: Shida yako usiitoe hapo

Sasa tumefika kwenye kiini. Dodoma si Dar kwa jambo moja: umaarufu wa hapa umeshikana na madaraka. Ukimwona msanii unataka picha. Ukimwona waziri, kichwani inakuja ada ya mtoto, uhamisho wa mke, kiwanja kilichozungushwa, mdogo wako aliyemaliza chuo na bado yuko sebuleni. Ni binadamu. Lakini mtu huyo amesikia shida kumi na tano tangu atoke kitandani, na ya kwako aliyoipokea akiwa na mfuko wa nyanya mkononi haina pa kuandikwa. Atasema "nimekusikia, nitafute," nawe utahesabu umefika. Hujafika popote. Hukupewa namba, na yeye hakuchukua yako.

Kwa hiyo tenganisha. Salamu leo, shida kwa njia yake.

Kwanza jua ni nani anayehusika. Mbunge anayewajibika kwako ni wa jimbo unaloishi, wala si yule wa Kigoma unayemwona kwa sababu mnanunua mkate duka moja. Kila mbunge wa jimbo ana ofisi yake jimboni, mara nyingi ndani ya majengo ya mkuu wa wilaya au halmashauri, na ina katibu. Katibu huyo ndiye mtu wa maana kuliko unavyodhani. Wabunge wa viti maalumu nao hufuatilia mambo ya mkoa mzima, hasa ya wanawake na watoto.

Pili, andika. Ukurasa mmoja: jina, kata, mtaa, simu, tatizo ni nini, limeanza lini, umeshakwenda wapi na walijibu nini. Ambatisha nakala, baki na zako. Barua ya ukurasa mmoja inasomwa; ya kurasa sita inawekwa chini ya nyingine.

Tatu, jua kisichowezekana. Watu wengi wanaamini mbunge ana pesa ya jimbo ya kugawa. Ipo pesa inayoitwa Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, imewekwa kwa sheria ya mwaka 2009, lakini ni ya miradi ya jamii kama madarasa, visima na zahanati, na inapitishwa na kamati. Haiwezi kulipa ada yako. Akikupa elfu ishirini pale sokoni, ametoa mfukoni kwake, na kesho ataanza kupita njia nyingine. Na ajira serikalini zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira kupitia mfumo wake wa mtandaoni. Ukimpigia waziri magoti kwenye maegesho ya magari, unamwomba avunje utaratibu mbele ya mashahidi.

Naacha mlango mmoja wazi. Kama jambo ni la umma na ni la haraka, kwa mfano daraja limekatika usiku na watoto hawavuki kwenda shule, liseme, kwa sentensi mbili, pamoja na jina la kata. Viongozi wengi wanazihitaji habari hizo kuliko sifa. Kisha uliza, "Nimpelekee nani taarifa kamili?" Swali hilo linamwonyesha kwamba hukuja kumganda.

Na ukitaka kuwaona wote kwa pamoja bila kumkatiza mtu chakula, nenda bungeni. Wananchi huingia kama wageni, mara nyingi kwa mwaliko wa mbunge au kwa vikundi vya shule na vyuo, na hukaa juu kwenye jukwaa la wageni. Kikao huanza saa 3:00 asubuhi kwa maswali, na baada ya maswali anayeongoza kikao hutangaza wageni waliopo; watu wamewahi kusimama kupunga mkono na kuonekana na ukoo mzima kwenye televisheni. Beba kitambulisho, vaa nguo za heshima kwelikweli, fika mapema kwa ukaguzi. Bei yake ni nauli ya bajaji.

Hatua ya 8: Picha

Omba kwa maneno, usiombe kwa kuinua simu. "Naomba picha moja, kama hutajali." Akikataa, sema "hamna shida" na iwe kweli hamna shida.

Akikubali, simu iwe tayari: kamera imefunguliwa, kioo kimefutwa, kumbukumbu haijajaa. Nimeshuhudia jamaa akifuta video za mpira mojamoja ili apate nafasi, huku waziri amesimama anatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Mpe mtu wa tatu apige. Selfi inakufanya umsogelee kuliko inavyostahili. Mikono yako iwe mbele au pembeni, si kiunoni kwake. Moja, mbili ikibidi. Chupa za bia ziondoke mezani kabla, hata kama ni zako.

Kurusha mtandaoni ni uamuzi mwingine. Subiri aondoke eneo hilo; kutangaza mtu alipo dakika ileile ni kumwitia umati, au kumwitia mtu mbaya. Usimwekee maneno ambayo hakuyasema. "Mheshimiwa ameniahidi" wakati alikupa mkono tu ni uongo, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha taarifa za uongo. Picha za kuibia, hasa za watoto wake au za faragha, ni mbaya zaidi: faragha imo kwenye Katiba, Ibara ya 16, na tangu 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi. Na wewe mtumishi wa umma, fikiria mara mbili kabla ya kuweka picha na mwanasiasa yeyote kipindi cha kampeni. Wakubwa wako kazini wana mitandao pia.

Kuna wanaoitundika picha hiyo dukani, ukubwa wa mlango, kama leseni. Mteja wa upande wa pili wa siasa anaiona akiwa nje na anavuka barabara. Ya kwangu, na ninazo, iko nyumbani kwenye albamu.

Hatua ya 9: Ukiwa kazini

Mhudumu, dereva wa bajaji, fundi simu, muuguzi, kinyozi: sisi hatukutani nao kwa bahati, tunawahudumia. Bei ni ileile. Bei ya mheshimiwa, ile ya kuongeza elfu tano kwa sababu ya sura, inajulikana haraka kwani wote wana madereva, na madereva wanaongea. Mkopo nao uwe kama wa mteja mwingine: kama hukopeshi, hukopeshi.

Usimtoe kwenye foleni aliyetangulia. Mheshimiwa mwenyewe akisema ana haraka, muombe ruhusa yule aliyekuwa mbele, kwa sauti, ili uamuzi uwe wake. Wengi hukubali wakiombwa. Wakiburuzwa, wananuna na hawarudi.

Kisha siri. Mtu aliyeinamisha kichwa chini ya mashine ya kunyolea anaongea na simu, anaongea na mwenzake, wakati mwingine anaongea na wewe kwa sababu hana mwingine wa kumwambia kwamba hajalala. Yanayosemwa kwenye kiti yanafagiwa na nywele. Fundi simu, usifungue picha. Muuguzi, faili ni la mgonjwa. Dereva, hukusikia walikuwa wanakwenda kwa nani.

Hatua ya 10: Jihadhari na wanaokuja baadaye

Matapeli wanajua mji huu umejaa vyeo. Wapo wanaovaa suti na beji, wanakaa hoteli nzuri, wanajitambulisha kama msaidizi wa fulani, wanaahidi ajira, tenda au nafasi ya kumwona mkubwa, kisha inakuja "pesa ya faili." Mwingine anasubiri uweke mtandaoni picha yako na msanii. Siku mbili baadaye unapata ujumbe wenye picha ya msanii huyohuyo: "Nilifurahi kukutana na wewe Dodoma, nimekwama kidogo, nitumie kwenye namba hii." Jina linalotokea wakati wa kutuma pesa huwa la mtu usiyemjua kabisa.

Usitume. Usibishane naye pia. Ujumbe wa aina hiyo peleka namba 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kama umeshatuma pesa piga huduma kwa wateja ya mtandao wako papo hapo kabla hazijatolewa, halafu nenda polisi na ujumbe wenyewe ukiwa kwenye simu. Usiufute kwa aibu. Anayesema ni msaidizi wa kiongozi, muulize ofisi yake iko jengo gani na umfuate huko saa za kazi, kwa mlango wa mbele, na kitambulisho chako mkononi.